Joto la Siku ya Pili

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Kidomo alikuwa ameshafika kwenye chumba cha sayansi. Alisukuma mkoba wake chini ya meza, akafuta kioo cha kiangulio kwa mkono wa sweta, kisha akachungulia ndani na kuhesabu mayai, utadhani kuna yai lingeweza kutoroka usiku.

Jina la Kidomo hakupewa nyumbani. Alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa sababu hakuwahi kuona jambo la kumuudhi akanyamaza. Mtu akiruka foleni ya maji, Kidomo alisema. Mwalimu akikosea kujumlisha alama za mwenzake, Kidomo alisema pia. Wengine walimpa jina hilo kwa kumkejeli, lakini yeye alilibeba kama cheo.

Kiangulio kilikuwa sanduku la mbao lenye kioo mbele, taa mbili za kutia joto, na kopo la maji la kutunza unyevu. Juu ya trei ya waya yalipangwa mayai ishirini na manne, na kila yai lilichorwa msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili wa zamu ajue kama limegeuzwa. Karibu na kioo, usawa wa migongo ya mayai, kipimajoto kilining'inia kwa uzi. Kilitakiwa kusoma nyuzi thelathini na nane na nusu. Ukutani, mwalimu wa sayansi alikuwa amebandika sheria moja kwa wino mwekundu: kitufe cha joto kinaguswa na mwalimu peke yake, na atakayekigusa zamu yake imekwisha.

Sanduku na mayai vililetwa shuleni na mama yake Kidomo. Mama huyo alifanya kazi katika kiwanda cha kuangua vifaranga, upande wa kumulika mayai. Siku nzima alikaa kwenye chumba chenye giza, akiweka tochi chini ya yai moja baada ya jingine, akitenga lililo hai na lililokufa. Alikuwa amezaliwa na jicho moja. Jicho lake la kushoto halikukua. Kope zilifumba tu juu ya kitu kidogo kama punje. Hakulificha, na wala hakuona haya kulitania. "Wenzangu wakimulika hufumba jicho moja," aliwaambia wanafunzi siku ya kwanza. "Mimi lilishafumbwa tangu zamani, kwa hiyo nawashinda mbio." Darasa lilicheka, na tangu hapo wakamwita Mama Tochi.

Mayai yalipangwa Jumatatu. Jumatano, siku ya pili, zamu ilikuwa ya Kidomo, hadi asubuhi ya Alhamisi.

Alitakiwa kuchora kiangulio kwa ajili ya bango la darasa. Mwalimu alikuwa ameitwa kusimamia mtihani wa darasa la saba. Kidomo alikaa kwenye stuli, akachonga penseli, akatazama. Kipimajoto kilikaa sawasawa mbele ya trei, kikimzuia kuona mayai ya katikati. Akakifungua uzi na kukilaza chini kabisa, kwenye sakafu ya sanduku. Alichora kwa raha mpaka kipindi kikaisha.

Alipotaka kuandika joto kwenye daftari la zamu, aliinama akasoma: thelathini na sita. Mayai yanapata baridi! Vifaranga watakufa, tena kwenye zamu yake! Alitazama mlango. Alitazama wino mwekundu ukutani. Kisha akazungusha kitufe, kidogo kidogo, akisubiri, mpaka kipimajoto kule chini kikasoma thelathini na nane na nusu. Akaandika namba hiyo kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri, ile tatu na ile nane zake zenye mikia, akaenda nyumbani akiwa anajiona mkombozi.

Kesho yake alfajiri alikirudisha kipimajoto mahali pake, kwenye uzi. Akasoma. Nyuzi arobaini na moja, na ushee. Usiku kucha! Akazungusha kitufe kurudi nyuma haraka haraka, akafungua mfuniko joto litoke, akaketi akikitazama kipimajoto. Dakika ishirini baadaye kilisoma vizuri. Hakuna aliyemwona. Mayai yalikuwa yaleyale, meupe na kimya. Akachukua daftari, akaandika: thelathini na nane na nusu.

Siku ya tano, ingawa ilikuwa Jumamosi, darasa lilifika na Mama Tochi alikuja kumulika. Walifunga mapazia, wakamzunguka. Alipoweka tochi chini ya yai la kwanza, mwanga wa rangi ya chungwa ulijaa ndani, na katikati ya mishipa myembamba kulikuwa na nukta nyeusi.

"Nukta hiyo ni jicho," alisema. "Kifaranga mwenyewe hajafika hata urefu wa ukucha, lakini jicho lake mshaliona."

"Limejuaje likae pale?" aliuliza Profesa. Huyo alikuwa mvulana mwenye miwani, ambaye maswali yake hayakuwa na likizo.

Mwalimu wa sayansi alifurahi kuulizwa. "Hapo mwanzo hakuna jicho, kuna seli tu," alisema. "Seli hazina mdomo, kwa hiyo zinatumiana protini. Seli moja inatoa protini, ya jirani inaipokea, na huo ndio ujumbe. Siku ya pili, ubongo mchanga huvimba pande mbili, kulia na kushoto, mpaka uguse ngozi. Ukishagusa, ujumbe unapita: 'Wewe ngozi ya hapa, acha kuwa ngozi, geuka lenzi.' Ngozi inatii, nayo inajibu: 'Sawa, na wewe geuka kuwa sehemu ya kupokea mwanga.' Hivyo jicho linajengwa kwa kuelewana."

"Na ujumbe usipofika?" Profesa hakuchoka.

"Au ukifika wakati si wake? Basi ngozi inabaki ngozi. Hakuna fundi wa kurudi kurekebisha."

Mama Tochi hakuwa akicheka tena. Alikuwa ametenga mayai tisa pembeni. Yote yalionyesha pete ya damu, na hakuna nukta. "Haya yamekufa mapema," alisema. "Siku ya pili au ya tatu. Mwalimu, joto lilikuwaje?"

Mwalimu alimsomea daftari. Thelathini na nane na nusu, kila siku, bila kasoro. Mama aliguna. Kidomo alikuwa anatazama viatu vyake. Akaiacha nafasi ile ipite.

Siku ya ishirini na moja, maganda yalianza kupasuka. Hakuna aliyefundishwa hesabu asubuhi hiyo. Hata mwalimu wa hesabu alikuwa amebana pua kwenye kioo. Vifaranga kumi walitoka, wakakauka, wakawa manyoya matupu yenye kelele. Mayai matano hayakupasuka. Profesa alimchukua kifaranga wa mwisho mkononi, akamgeuza, akasita.

"Huyu hana jicho."

Upande wa kushoto, mahali pa jicho, palikuwa na manyoya tu.

Kisha msichana mmoja nyuma akasema polepole, "La kushoto. Kama la Mama Tochi."

Maneno yana miguu. Kufikia jioni yalikuwa yameshafika kwenye duka la vitambaa la mama yake Profesa, na pale, kati ya mita na mkasi, yakakatwa na kushonwa upya. Mwanamke mwenye jicho moja alishika mayai. Vifaranga wakatoka na jicho moja. Wote, kwa mujibu wa mteja wa pili. Wawili wamekufa kwa kumtazama, kwa mujibu wa mteja wa tatu. Kesho yake muuza vitambaa alikuja shuleni amevaa viatu vya kikao, akiwa na wazazi wengine wanne. Wote walitaka jambo moja: mwanamke yule asikanyage tena shuleni wala asiguse kitu ambacho watoto wao wanagusa.

Na mwalimu mkuu, mtu mzima aliyesoma mpaka nywele zikamtoka, alifanya nini? Aliandika barua. Alimwomba mama yake Kidomo "asitishe kwa muda ziara zake" mpaka kikao cha wazazi Jumatano, "kwa ajili ya amani." Amani ya nani, barua haikusema. Akampa Kidomo mwenyewe aipeleke.

Kidomo alitembea njia nzima akiwa anachemka. Alimfikia mama yake uani akianika koti lake jeupe la kazi, akamtupia maneno kabla ya salamu.

"Wajinga! Wajinga watupu! Wanasema umewaambukiza vifaranga jicho! Mwalimu mkuu naye anawaogopa! Kesho nitasimama gwarideni niwaambie wote..."

"Shikamoo kwanza," alisema mama.

"Shikamoo."

"Marahaba. Lete barua."

Aliisoma akiwa amesimama, mara mbili. Mama aliikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Nikiwa na umri wako," alisema, "mwalimu alinihamisha kutoka dawati la mbele, ili wageni wakija wasinione. Nilidhani mambo hayo yalishakufa." Kisha sauti yake ikawa kali. "Yale mayai matano yasiyopasuka yako wapi?"

"Kwenye ndoo, yanatupwa kesho."

"Kimbia ukamwambie mwalimu wako ayaweke kwenye friji. Asitupe hata moja. Kiwandani vifaranga wakitoka vibaya hatutafuti mchawi. Tunavunja mayai tuone."

Kidomo alikimbia. Njiani hasira yake juu ya muuza vitambaa ilikuwa kubwa, na ilimsaidia, maana mtu akiwa na hasira juu ya mwenzake hana nafasi ya kujitazama.

Jumatano ukumbi ulijaa. Wanafunzi wa darasa la sita waliruhusiwa kukaa nyuma. Muuza vitambaa alisema kwanza, na alisema kwa muda mrefu. Hakuwa na ubaya na mtu, alisema. Lakini macho ni macho, na aliyeona ameona.

"Mnataka ushahidi gani tena?" alimalizia. "Mwenye jicho moja kashika, mwenye jicho moja katoka!"

Baadhi walipiga makofi. Profesa, aliyekaa nyuma, alivua miwani yake na kuanza kuifuta, ingawa haikuwa chafu.

Mama yake Kidomo alisimama amevaa koti lake jeupe. Alitandaza gazeti juu ya meza, akavaa glovu, akayatoa yale mayai matano. Akavunja la kwanza upande ulio butu, taratibu, akatoa kiinitete kilichokufa na kukilaza kwenye sahani.

"Mwalimu mkuu, njoo uone. Macho yake yapo, mazima. Huyu kafa kwa jambo jingine." Akavunja la pili. "Huyu jicho la kulia halipo." La tatu. "Huyu yote mawili ni madogo mno." La nne lilikuwa na macho mazima. La tano lilikuwa na jicho moja. "Matatu kati ya matano. Na tisa walikufa siku ya pili au ya tatu, niliwaonyesha watoto wenyewe. Mwalimu wa sayansi amewafundisha kwamba siku hizo ndizo ujumbe wa kujenga jicho unapita kati ya seli na seli. Mimi sikusoma habari za protini. Lakini nimemulika mayai miaka kumi na minane, na nawaambia, joto likizidi siku zile, ujumbe unavurugika, na ninyi mtaona ninachokiona hapa. Mayai haya yalipata moto. Nani alikuwa zamu siku ya pili?"

"Daftari!" alisema muuza vitambaa. "Lisomwe daftari!"

Mwalimu wa sayansi alilifungua, na uso wake ukasawijika. "Siku ya pili, thelathini na nane na nusu," alisoma. "Ya tatu, thelathini na nane na nusu."

Muuza vitambaa aliinua mikono kwa watu. "Mmesikia? Joto lilikuwa sawa! Sasa kimebaki nini, kama si jicho lake?"

Safari hii makofi yalikuwa mengi. Mama aliomba daftari alione mwenyewe. Aliweka kidole kwenye mstari wa siku ya pili, akakishusha kwenye wa siku ya tatu. Akakaa hivyo. Kidomo, kule nyuma, alijua mama yake anatazama nini: ile nane yenye mkia, nane ambayo mama mwenyewe alimfundisha kuiandika mezani jikoni kabla hajaanza shule.

Mama aliinua uso, akatafuta nyuma ya ukumbi mpaka jicho lake likakutana na macho ya bintiye. Hakumnyooshea kidole. Alifunga daftari na kulirudisha mezani.

"Basi," alisema. "Sina la zaidi." Akaanza kuvua glovu.

Watu walianza kunyanyuka. Kidomo alielewa. Mama alikuwa tayari kutoka pale ukumbini akiitwa mchawi maisha yake yote, kuliko kumuumbua mwanawe mbele za watu. Na yeye, aliyewaita watu wajinga siku mbili mfululizo, ndiye aliyewapa ujinga wao daftari la kusimamia.

"Namba ni ya uongo!" alipiga kelele. Sauti ilimtoka imepasuka. "Niliandika mimi! Kaeni chini, niliandika mimi!"

Alieleza yote akiwa amesimama juu ya benchi, maana hakuona kama angeweza vinginevyo: mchoro, uzi, kipimajoto sakafuni, kitufe, usiku mzima, nyuzi arobaini na moja. Alilia na hakuacha kusema. Alipomaliza, mwalimu wa sayansi alijipiga kwenye paji la uso.

"Sakafuni! Sanduku lile halina feni. Joto linapanda juu, chini kunabaki ubaridi. Chini kukisoma thelathini na nane na nusu, mayai yenyewe yanaiva!"

"Kumbe!" alisema muuza vitambaa, akitafuta pa kusimama. "Kumbe ni mwanawe mwenyewe! Mimi nilisema tu..."

"Hukusema tu." Mama alikuwa ameshamgeukia, na ukumbi mzima ulisikia hasira aliyoizuia tangu Jumanne. "Ulihukumu. Mwanangu kakosea, na nitamalizana naye. Alichokosea ni kipimajoto. Wewe ulichukua uso wangu niliopewa na Mungu ukaufanya kosa. Hukuuliza, hukutazama hata yai moja. Ukawakusanya wenzako wakapiga makofi."

Hakuna aliyepiga makofi sasa. Profesa alitembea toka nyuma mpaka mbele, masikio yakiwa mekundu. "Mama Tochi, mimi ndiye nilikwenda kusimulia nyumbani," alisema. "Naomba radhi." Muuza vitambaa alimtazama mwanawe, akatazama chini, kisha naye akasema neno la radhi, dogo, lakini lilisikika. Mwalimu mkuu alikiri kwamba barua ile ilikuwa aibu ya shule, si ya mzazi, akaiomba kwa mama na kuichana mbele ya wote, na akaomba kiangulio kijazwe mayai upya Jumatatu.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Kidomo alisimama mbele ya mama yake, akisubiri.

"Nimekukasirikia," alisema mama. "Ujue hivyo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na leo umenilisha."

"Nisamehe, mama. Nilihamisha kipimajoto bila kujua..."

"Kipimajoto nimekusamehe hapo hapo. Kila fundi amewahi kuharibu kitu kwa kutojua. Ninachokukasirikia ni namba. Kiwandani tunaangua mayai elfu ishirini kwa kuamini namba aliyoandika mtu ambaye hatukumwona. Ungeandika arobaini na moja, siku ya tano tungejua, na hakuna mtu angenitazama vibaya. Ungepoteza zamu tu." Akafungua daftari, akampa kalamu. "Andika."

Kidomo alikata mstari juu ya namba za uongo, akaandika za kweli pembeni, na chini yake akaeleza alichokifanya. Machozi yalidondokea karatasi, lakini mwandiko ulisomeka. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuthubutu kuliuliza.

"Na jicho lako, mama? Lako liliharibiwa na nini?"

Mama alikaa kwenye benchi, akamvuta karibu.

"Sijui. Daktari alisema hata yeye hajui, hakuna aliyeona wala aliyeandika, na huenda halikuwa kosa la mtu yeyote. Bibi yako aliambiwa na majirani kwamba alikula kitu, kwamba alimcheka kilema, kwamba alimkosea mume wake. Alikufa akiamini ni kosa lake. Ndiyo maana nakuambia, mwanangu. Mahali penye ukweli ambao haukuandikwa, watu hawapaachi wazi. Wanapajaza uzushi, na yupo mtu atakayeubeba uzushi huo mpaka kaburini. Usimwachie mwenzio nafasi tupu ya namna hiyo, kama wewe ndiye unayejua."